Ubavu wa Kushoto wa Namba 808

Mimi si mtu wa kukaa. Nikila nasimama, nikiongea na simu natembea kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni na kurudi, na mume wangu anasema hata usingizini miguu yangu inakanyaga pedali. Kwa hiyo wiki ile, ambayo hata mtu mtulivu angekosa raha, mimi nilikuwa wa kufungwa kamba.

Ijumaa baba yangu alikuwa anapasuliwa jicho. Moja lilishakufa zamani. Lililobaki lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, na daktari alituambia wazi kwamba upasuaji huo mara nyingi hufanikiwa, lakini kwa mzee mwenye jicho moja yeye haapi. Baba akalishika hilo neno "haapi" na kuondoka nalo. Tulipofika nyumbani akaniuliza swali moja tu: "Treni yangu itakuwa tayari kabla ya Ijumaa?"

Treni yake ni namba 808, kichwa cha mvuke alichokifanyia kazi miaka ishirini na miwili kabla hakijakatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu. Mimi ni fundi cherehani, ila kwa miaka kumi sasa nusu ya meza yangu ya kukatia nguo imetekwa na reli. Natengeneza vichwa vya treni na mabehewa madogo, sentimita moja kwa kila nusu mita ya kweli. Ugonjwa huu ulianza na sanduku la vipande vya shaba ambalo mteja mmoja aliniachia alipohama, na dawa yake sijaiona. Ribiti, zile nundu za misumari ya bati, natokeza kwa sindano butu, moja moja, kwa nyuma ya bati. Viti vya mabehewa navivika bitana. Vitasa vya milango navikata kutoka kwenye vishikizo vya sketi. Wateja wameshazoea kukuta gurudumu katikati ya gauni la harusi.

Ile 808 niliianza mwaka mzima kabla. Mabehewa matatu yalikuwa tayari kabatini, na kichwa chenyewe kilibaki rangi na mtu. Mtu ndiye baba. Nilimfinyanga juu ya waya mwembamba, nikamvisha koti la kitambaa cha kazi na kofia, mkono mmoja mbele umeshika wenzo wa kufungulia mvuke. Mume wangu alimwangalia akacheka: "Baba mkwe lini alikuwa na kitambi hicho?" Nikamwambia ni koti, limeshonwa tabaka mbili. Akasema, "Sawa, fundi," kwa ile sauti yake inayonipandisha mori.

Baba analala chumba cha nyuma. Nilimkataza kuja kwenye meza mpaka nimalize, basi kila saa moja inasikika fimbo yake koridoni na sauti: "Umefika wapi?" Nami najibu, "Karibu, baba." Na karibu hiyo haikuwa karibu hata kidogo.

Mambo yaliharibika Jumanne. Alikuja Mkaguzi. Hana cheo chochote cha ukaguzi. Ni fundi bomba, naye pia anaugua ugonjwa wetu wa treni, na jina hilo tulimpa kwa sababu hawezi kuona kazi ya mwenzake bila kutoa rula mfukoni. Safari hii alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nane: nakala ya mchoro wa kiwandani wa 808. Aliitafuta miezi sita. Nilitaka kumkumbatia.

Akaitandaza mezani, akaangalia kichwa changu, akaangalia mchoro, akakohoa.

"Fundi, pampu yako ya hewa iko upande gani?"

"Kulia."

"Mchoro unasema kushoto."

"Mchoro umekosea. Mimi nina picha."

Na picha ninayo kweli. Imening'inia sebuleni tangu sijazaliwa. 808 imesimama, imeelekea kulia, ubavu wake wote unaonekana, pampu imekaa juu ya magurudumu, na baba, kijana wa miaka ishirini na sita, amechomoza kifua dirishani anacheka. Ubavu wa kulia ni wa dereva. Kulia ndiko kuliko na wenzo wa mvuke na breki. Kushoto husimama mpiga makaa na beleshi lake. Kwa picha hiyo baba aliitwa Dereva na mtaa mzima, na sisi tulikuwa watoto wa Dereva. Darasa la tatu nilimng'ata msichana mmoja sikio kwa sababu alisema baba yake, mwenye teksi, ndiye dereva zaidi.

"Picha haidanganyi," nikamwambia Mkaguzi.

"Na kiwanda nacho hakijui kilitengeneza nini?" Akakunja rula yake. "Mimi sijasema kitu, Fundi. Nakuachia karatasi."

Watu wanaosema hawajasema kitu ndio wabaya. Jumatano asubuhi sikuweza kushona hata pindo. Mume wangu akaniambia niache, pampu yenyewe ni kama kokwa ya tende, nani ataiona, na mgonjwa haoni hata sahani yake. Nikamjibu baba ataishika. Ana vidole. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia hata polepole inatufikisha Ijumaa, na nikaenda sebuleni kuitungua picha.

Niliipeleka dirishani na lenzi ninayotumia kutungia uzi. Nikaitazama pampu. Ilikuwa pale pale, kulia, safi kabisa. Nikatazama namba ubavuni, 808. Nikatazama magurudumu. Kisha, kwa mazoea ya kazi tu, jicho likaenda kwenye koti la baba.

Nimeshona makoti ya wanaume miaka ishirini na nane. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto juu ya wa kulia, na mfuko wa kifuani hukaa kushoto. La mwanamke ndilo hufungwa kinyume. Baba kwenye picha alikuwa amefunga koti lake kama blauzi yangu, na mfuko uko kulia.

Fundi aliyemshonea aliwehuka? Nikatazama tena. Shati la ndani nalo hivyo hivyo. Hapo nikaelewa. Koti halikuwa na kosa. Mpiga picha ndiye aliyeipindua filamu wakati wa kuchapa, na kila kitu kikatoka kinyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Tungeligundua siku nyingi kama si ile namba: 808 hata kwenye kioo husomeka 808.

Basi mchoro ulikuwa sahihi. Ubavu unaoonekana ni wa kushoto. Pampu iko kushoto. Na baba yangu, aliyechomoza dirishani akicheka, alikuwa amesimama upande wa mpiga makaa.

"Umefika wapi?" fimbo ikauliza koridoni.

"Karibu, baba," nikasema.

Siku ile nilitembea mle ndani mpaka mume wangu akaondoka nyumbani. Nilikasirika, nakiri. Miaka hamsini na minne mtu anaitwa Dereva na anaitika! Nikawaza mama, aliyekufa akimwita hivyo. Nikawaza sikio la yule msichana. Halafu nikawaza jambo baya zaidi: mzee ana siku mbili za kuona kivuli cha dunia, pengine za mwisho, na mimi ndiye nishike koleo nimng'oe kitini mwake? Nikiacha pampu kulia na dereva kulia, atapapasa, atafurahi, ataenda hospitali na heshima yake. Nikiihamisha, atajua kwamba najua.

Ila siwezi kuacha kosa kwenye kazi. Hilo ndilo tatizo langu, nimezaliwa nalo. Mchana nikawasha pasi ya kulehemu, nikayeyusha risasi kidogo kidogo huku nimefunika ribiti za jirani kwa kitambaa kibichi, pampu ikatoka bila kuharibu kitu. Nikaihamishia kushoto. Nikapaka rangi nyeusi. Mtu sikumbandika. Nilimtia kwenye mfuko wa aproni.

Alhamisi baada ya chai nikampelekea. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa shati la kutokea, kama anayesubiri wageni. Nikamwekea 808 magotini.

Alianza mbele, kwenye taa, akapanda bomba la moshi, akashuka mgongoni mwa bolia, lile pipa la kuchemshia maji, akihesabu mikanda yake kwa midomo. Alipofika upande wa kulia, vidole vikasimama pale pampu ilipokuwa jana. Vikapapasa bati tupu. Vikazunguka polepole juu ya bolia mpaka ng'ambo, vikaigusa.

"Umeiweka kushoto," akasema.

"Ndiko ilikokuwa, baba."

Nilikuwa nimesimama, bila shaka. Nikahamia dirishani, nikarudi.

"Na mtu yuko wapi? Mume wako aliniambia kuna mtu."

Nikamtoa mfukoni, nikampa. Akampapasa kofia, koti, kitambi, ule mkono ulionyooka mbele.

"Huyu ameshika nini?"

"Wenzo wa mvuke."

"Mimi niliushika siku moja. Nusu saa, dereva wangu alipoharisha." Akamgeuzageuza. "Hana beleshi."

"Hana, baba."

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu."

Sikukaa. Akaendelea hivyo hivyo.

"Nilikuwa naposa. Babu yako mzaa mama alikuwa karani mstaafu wa reli, mtu wa tai. Alishasema binti yake haolewi na mtu wa makaa. Nikapeleka picha ili waone sura tu. Akavaa miwani, akasema, 'Ahaa, upande wa dereva! Kumbe umepanda cheo.' Nikafungua mdomo nimwambie. Mama yako akatokea mlangoni na trei. Nikaufunga."

"Miaka hamsini na minne?"

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na kusema sikusema. Niliitika tu."

"Mama alijua?"

Akacheka kidogo. "Wiki ya kwanza. Alishika viganja vyangu, akasema, 'Hivi ni vya beleshi, bwana.' Nikadhani anafunga mizigo. Akaniletea mafuta ya kujipaka, akasema, 'Leta mikono, Dereva.' Alianza kwa utani. Majirani wakadaka." Akaigusa kofia ya yule mtu. "Kila aliponiita mbele za watu alikuwa ananikonyeza. Alipokufa, hakuna tena aliyeniita huku akikonyeza. Likabaki jina tupu, na mimi nimelivaa peke yangu."

Nililia, sifichi. Hasira yote ikapotea, nikabaki na aibu ya kumhukumu siku nzima. Akaninyooshea yule mtu.

"Mtengeneze vizuri. Tani mbili nilikuwa natupa tanurini kwa safari moja. Dereva alikuwa anaketi."

Nina pini za kushonea kwenye kola siku zote. Nikachomoa moja iwe mpini, nikakata ncha ya bati la shaba iwe beleshi, nikazilehemu kwenye meza yangu na kurudi mbio. Nikakunja mikono ya waya, nikamwinamisha mgongo. Baba akamsimamisha mwenyewe, kushoto, nyuma ya tanuri, na nikambandika pale pale magotini pake.

Ijumaa hospitalini muuguzi alikuwa na fomu. Umri. Dawa. Kazi ya zamani? Mdomo wangu ulikuwa umeshafika kwenye "de" baba aliponitangulia.

"Mpiga makaa," akasema, kwa sauti iliyofanya benchi zima ligeuke. "Kichwa namba mia nane na nane. Andika yote."

Walipokuwa wanamwingiza akanishika kiwiko. "Kesho wakifungua bendeji, uilete. Unigeuzie ubavu wa kushoto. Wa kulia nimeuona vya kutosha."

Jumamosi nilifika kabla ya daktari. Nilipima wodi ile kwa miguu mara nyingi kuliko Mkaguzi na rula yake; mgonjwa wa kitanda cha tatu aliniomba niende nikatembee nje. Daktari akaja. Akakata bendeji, akasafisha, akamwambia baba afungue jicho taratibu. Mimi nilikuwa nimeshika 808 mbele ya uso wake, ubavu wa kushoto.

Jicho likafunguka. Lilikuwa jekundu na limejaa maji. Likaenda juu, likashuka, likapotea dirishani, likarudi. Baba akasogeza kichwa mbele, akakunja uso.

"Mbona umeninenepesha?" akasema.

Nikavuta kiti, nikakaa.