Mafiga na Hereni

Bi Recheli alipohamia Nzega kwa mwanawe aliacha pengo moja chini ya bati la stesheni ya Kaliua, na pengo hilo likatakiwa na wanawake watatu. Ukiuza nje ya bati wakati wa masika, mteja wako wa kwanza ni mvua. Apolinaria, mama Gerson, aliuza michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa, na michembe ikilowa haina dawa. Huota ukungu, ukawapa mbuzi, na mbuzi nao wakageuza shingo. Masika yaliyopita alimwaga gunia zima. Mwaka huu akilowa tena, basi biashara ndiyo imekufa.

Jambo lile hawakutaka kulipeleka kwa mwenyekiti, maana mwenyekiti naye ana mashemeji.

"Tucheze poka," alisema Agnetha, muuza kuku, mama wa sauti kubwa. "Atakayebaki na mbegu zote, bati lake. Na asinune mtu!"

Poka waliachiwa na abiria mmoja wa Mpanda, mwaka ule maji yalipokata reli akakwama kwao. Kila mtu hupewa karata mbili za siri. Nyingine tano hufunuliwa katikati kidogo kidogo, na kila mtu huzitumia kuunda tano zake bora. Mahali pa fedha wao waliweka mbegu za ukwaju. Karata tatu zinazofanana waliziita mafiga. Tano za aina moja, shupaza tupu au kopa tupu, waliziita ukoo. Mafiga ni mazito, lakini ukoo huyang'oa.

Wa tatu alikuwa Mwanajuma, muuza chapati, mtu wa Tabora mjini aliyeolewa Kaliua. Yeye na Apolinaria walikuwa chanda na pete. Mmoja Mmoravian, mwenzake Mwislamu, lakini Krismasi na Idi chungu kilikuwa kimoja. Mwanajuma alipofiwa na mumewe, Apolinaria ndiye aliyemtekea maji mpaka eda ikaisha. Na kwenye albastini, mchezo wa wawili kwa wawili, hawakuwa na wa kuwafunga, kwa sababu walikuwa na siri yao. Mwanajuma akivuta hereni ya sikio la kushoto, maana yake ni: ninayo kubwa, usipoteze yako. Agnetha alifungwa miaka na miaka akidhani ana mkosi. Hereni ile haikuwahi kumdanganya Apolinaria hata mara moja.

Siku hiyo treni ya Kigoma ilichelewa, mawingu yakajikusanya upande wa Urambo, wakatandika kitenge juu ya kreti. Agnetha alikuwa wa kwanza kuishiwa mbegu.

"Nilikuwa nawaburudisha tu," alisema, akashika kazi ya kugawa.

Wakabaki wawili, mbegu zao karibu sawa. Apolinaria akachungulia karata zake. Tisa mbili. Katikati zikafunuliwa tatu: tisa ya shupaza, sita ya shupaza na ree ya kopa. Mafiga! Moyo ukamruka, lakini uso akauacha kama wa mtu anayechambua mchele. Akasukuma mbegu. Mwanajuma akafuata.

Ikaja nne ya uru. Apolinaria akasukuma nyingi zaidi. Mwanajuma akafuata tena, taratibu, kama mtu anayengoja mgeni wake ashuke kwenye treni.

"Anangoja shupaza huyu," Apolinaria akawaza. "Mungu wangu, isije."

Ikaja. Malkia ya shupaza.

Mwanajuma akakusanya mbegu zake zote kwa viganja viwili, akazimimina katikati. Nyingine zikadondoka chini.

"Mama Gerson, kazi kwako," alisema Agnetha. "Unafuata au unakimbia?"

Apolinaria alitazama mafiga yake. Ni kweli, shupaza zilikuwa tatu mezani, na mwenye mbili mkononi ana ukoo. Lakini si kila anayefuata ana ukoo. Huenda ana ree tu, huenda anatisha. Kwa mafiga namna hii mtu hakimbii. Akaweka mkono juu ya mbegu zake.

Hapo Mwanajuma akainua vidole polepole, akavuta hereni ya kushoto.

Apolinaria akalainika. Ananionya, aliwaza. Hata leo, hata kwa bati hili, shoga yangu hataki niumie. Akazitupa karata zake kwa mkono wa shukrani. Vimbegu alivyobakiza viliishia raundi iliyofuata.

Raundi hiyo Agnetha aliigawa kwa karata zilizosalia, za raundi ile kubwa akiwa hajazikusanya. Akazifunua za Mwanajuma: ree ya uru, saba ya kopa. Akazifunua za Apolinaria.

"Ee! Umetupa mafiga? Huyu hana hata shupaza moja!"

"Shoga," Apolinaria alisema. "Shoga?"

"Mimi nimesema neno?" Mwanajuma alikuwa anakunja kitenge, macho yakiwa kwenye kitenge. "Mchezo ni mchezo, dada."

Na kweli neno hakusema. Apolinaria angemlilia nani? Kuieleza hereni ni kumweleza Agnetha miaka yote aliyofungwa.

Treni ilikuja pamoja na mvua. Apolinaria alisimama mwisho wa jukwaa, nailoni juu ya sinia, maji yakimwingia shingoni. Kule chini ya bati Mwanajuma alikuwa anawapa watu chapati kavu, za moto.

Baada ya wiki treni ilichelewa tena. Agnetha akamleta shemeji yake. "Albastini! Kaeni kama kawaida yenu!"

Wakakaa, Apolinaria na Mwanajuma, uso kwa uso. Mwanajuma alimtazama kwa yale macho ya zamani, ya mtu anayeomba yaishe. Kisha mkono wake ukapanda, ukaishika hereni ya kushoto, ukavuta.

Apolinaria akalaza karata zake juu ya kreti.

"Shoga, mbona kila ukipata karata kubwa sikio hilo linakuwasha?"

Shemeji akaangua kicheko. Agnetha hakucheka. Alikuwa analitazama sikio la Mwanajuma, na midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti, kama mtu anayerudi nyuma kuhesabu.