Goti la Panzi

Tangu Jumamosi jioni Panzi alikuwa amelazwa kwenye kochi la sebuleni kwake kwa amri ya meneja wa timu, goti la kulia likiwa limefungwa bendeji na kuwekwa juu ya mito, wala hapakuwa na adhabu ambayo ingemtesa zaidi mtu wa aina yake. Jina hilo la utani alipewa na mashabiki kwa sababu hakuwahi kuonekana ametulia. Hata akiwa benchi pamoja na wachezaji wa akiba, miguu yake hurukaruka kama ya mtoto aliyebanwa na haja. Sasa alitakiwa atulie mpaka Alhamisi, siku ambayo kamati ya nidhamu ingeketi. Goti lenyewe lilikuwa zima kabisa.

Mambo yalikuwa hivi. Katika dakika za mwisho za mchezo wa Jumamosi, timu yake ikiwa sare hadi hapo na timu iliyokuwa ikiongoza ligi, Panzi aliingia na mpira katika eneo la hatari, akamkuta mbele yake beki mkongwe ambaye watu wote humwita Komeo. Komeo alinyoosha mguu kuufuata mpira. Akaukosa mpira, na hakumgusa mtu. Panzi akaanguka. Alianguka kama alivyofundishwa na kocha msaidizi, ambaye kila Jumanne, waandishi wa habari wakishaondoka, huwatandikia washambuliaji magodoro nyuma ya vyumba vya kuvalia na kuwafunza kazi aliyoiita "kuomba": mwili ulegee, mkono mmoja upae, ukelele utoke, kisha lishikwe goti lililo karibu na adui. Mwamuzi, ambaye alikuwa amezibwa na mgongo wa mchezaji mwingine, akapuliza filimbi, akatoa penalti na kumwonyesha Komeo kadi nyekundu. Penalti ikaingia. Timu hizo mbili sasa zililingana kwa pointi, zikisubiri mchezo wa mwisho wa msimu siku ya Jumapili, kila moja na mpinzani wake.

Hayo yangeweza kubaki kuwa mambo ya uwanjani, lau Komeo asingekuwa kaka wa mke wa Panzi.

Tena Komeo alikuwa ameshatangaza kwamba mchezo wa Jumapili ungekuwa wa mwisho kwake. Alikuwa ameumaliza ujana wake wote uwanjani bila kulishika kombe la ligi hata mara moja. Kadi ile isipofutwa, angeaga mpira akiwa ameketi jukwaani na suti yake, akiwatazama wenzake. Timu yake ilikata rufaa. Kwa kuwa kamera hazikuwa zimeuona mguu wa Komeo, na mwamuzi mwenyewe alikiri kwamba aliona mtu akianguka tu, kamati ingelazimika kumsikiliza aliyeanguka.

"Ndiyo maana utachechemea," meneja alimwambia Jumapili, akiwa amesimama katikati ya sebule bila kuvua viatu. "Utachechemea chooni, utachechemea dirishani, utachechemea hata usingizini. Majirani wana simu, bwana. Wakikupiga picha unarukaruka, tumekwisha."

"Lakini yule ni shemeji yangu."

"Shemeji yako Jumatatu. Jumapili ni beki wao, na bila yeye pale nyuma kwao ni mlango wazi. Wewe unataka kombe au unataka undugu?"

Meneja alipoondoka, Panzi alisikiliza mpaka gari likapotelea mwisho wa mtaa, akavuta pazia, kisha akaanza kutembea. Alitoka kabatini kwenda mlangoni, mlangoni kwenda kabatini, akageuka, akaruka juu ya meza ndogo na kurudi. Aliposikia ufunguo wa mke wake, alijitupa kwenye kochi kwa haraka hata mto mmoja ukaanguka.

Jumatatu alikuja mama mkwe. Alikuja na beseni, taulo na chumvi ya mawe, akaingia jikoni mwa binti yake kana kwamba ni mwake, akachemsha maji. Panzi alijaribu kuinuka.

"Mama, usijisumbue. Daktari wa timu ameshaniona."

"Daktari wa timu hajakuzalia mke. Lala hapo." Aliikamua taulo ya moto, akampa binti yake aikandamize juu ya goti, naye akavuta kiti. "Bonyeza, mwanangu, usimpapase kama unapanguza vumbi. Pole, mkwe wangu. Inauma?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo! Mwenye moyo huyu. Na yule mwingine, yule niliyemzaa kwa uchungu wangu mwenyewe, alikuja jana mlangoni pangu. Nikamwambia arudi alikotoka. Mtu anayemvunja mume wa dada yake kwa sababu ya mpira, ana lipi la kuniambia?"

Mke wa Panzi aliacha kubonyeza. Panzi alihisi joto likimpanda kutoka gotini mpaka masikioni.

"Mama, ule ni mchezo. Hakukusudia."

"Unaona? Unamtetea! Yeye hakujitetea hata kwa neno. Alisimama pale kama kigingi, akasema, 'Mfikishie shemeji salamu,' akaondoka. Kama si kosa lake, si angesema? Mdomo anao."

Mguu wa kushoto wa Panzi ulianza kutikisika. Mama mkwe aliutazama kwa huruma, akasema maumivu hayo yameshahamia mguu wa pili, akaomba taulo nyingine.

Siku zilizofuata zilimchosha kuliko mazoezi yoyote. Alijifunza kutambua ni ubao upi wa sakafu unaolia, ili apate kutembea mke wake akiwa chumba cha mbele, ambako alishona sare za shule. Alilala, akaamka, akawasha redio, akaizima. Wenzake walimtumia ujumbe wa kumpongeza na picha za vichekesho, mmoja akaandika, "Mwalimu wa kuomba, tuombee na sisi." Juzi tu angecheka. Mara kadhaa alilifungua jina la Komeo katika simu yake, akalitazama, akalifunga. Angemwambia nini? Pole kwa kadi niliyokupatia?

Jumatano jioni alikwenda kuoga, akarudi akichechemea vizuri kabisa, akajilaza. Mke wake alikuwa kwenye cherehani, mlango wa chumba cha mbele ukiwa wazi, amebana pini midomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"We bwana."

"Naam."

"Umefunga goti lingine."

Panzi alitazama. Bendeji ilikuwa kwenye mguu wa kushoto, imefungwa kwa ustadi, imebanwa na klipu yake.

"Lilikuwa linauma hili pia," alisema.

"Usinifanye mjinga nyumbani kwangu. Nilijua tangu Jumamosi, bado uko kwenye nyasi. Mwaka ule ulipovunjika mfupa wa kidole hukupiga kelele, ulinyamaza ukawa wa kijivu kama jivu. Jumamosi ulilia kama unauzwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisubiri useme wewe." Aliukanyaga ubao wa cherehani, sindano ikakimbia, ikasimama. "Kaka yangu anakwenda kwa mama, anafungiwa mlango. Mama anakukanda. Nami nashika taulo. Kesho usiponisemea mimi, jisemee mwenyewe."

"Nikisema, wananifungia. Sitacheza Jumapili. Pengine sitacheza tena katika timu hii. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi?"

"Basi nini? Unataka nikuchagulie?" Akaendelea kushona, na mlio wa cherehani ukajaa nyumba nzima.

Ofisi za kamati zilikuwa juu ya ghorofa isiyo na lifti. Meneja alikuwa ametangulia. Panzi alisimama chini ya ngazi akiwa na gongo moja chini ya kwapa, akishindwa kukumbuka ni mguu upi unaotangulia kwa mgonjwa, na hapo ndipo mkono mpana ulipomshika kiwiko.

"Niegemee mimi, shemeji," alisema Komeo. "Hilo gongo litakuangusha."

"Naweza mwenyewe."

"Unaweza wapi? Twende."

Walipanda. Komeo alikuwa amevaa suti ile ya jukwaani, imembana mabegani. Alikuwa akihema kidogo, kama mtu ambaye magoti yake mwenyewe yamechoka kweli, na kila walipofika penye kona alisimama amngoje.

"Unanibeba ili unitie aibu?" Panzi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nakubeba kwa sababu watu wanatazama, na dada yangu atawasikia wakisema kaka yake alimpita mume wake kwenye ngazi. Aibu ni yako, utajua pa kuiweka."

"Kwa nini hukumwambia mama ukweli?"

"Ungebaki na mama mkwe gani?"

Panzi alichomoa mkono wake. Alibaki amesimama kwenye kidato, kijasho kikimtoka, na meneja, aliyekuwa akiwasubiri juu, akamkonyeza kwa mbali.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki na feni iliyokuwa ikigonga kwa kila mzunguko. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa mwamuzi, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Alisoma taarifa ya daktari wa timu iliyotaja "maumivu ya ndani", akaiweka kando, akavua miwani.

"Mchezaji, uligongwa wapi?"

Meneja alikohoa. Feni iligonga. Panzi alitazama mikono yake, kisha akamtazama Komeo, ambaye alikuwa akitazama dirishani kama abiria aliyeshachelewa safari.

"Sikugongwa, mama mwenyekiti," alisema. "Hakunigusa. Nilijiangusha."

"Ana homa!" meneja alisema, akainuka. "Amekunywa dawa za maumivu tangu asubuhi, hajui—"

"Keti, bwana. Sijakuuliza wewe. Mchezaji, unaelewa unachosema?"

"Naelewa. Tunafundishwa. Kila Jumanne." Aliifungua bendeji, akaiweka mezani karibu na taarifa ya daktari, na kwa kuwa hakuweza tena kukaa, akasimama kwa miguu yote miwili.

Uamuzi ulitolewa siku hiyohiyo. Matokeo ya mchezo hayakubadilishwa, kwa kuwa sheria hairuhusu. Kadi ya Komeo ilifutwa. Panzi alifungiwa kuanzia Jumapili hadi katikati ya msimu unaofuata. Daktari na kocha msaidizi wangeitwa kwa zamu yao. Chini ya ngazi meneja alimwambia asithubutu kuja mazoezini hata kuchukua viatu vyake. Kufikia jioni wachezaji wenzake walikuwa wamemwondoa katika kundi lao la simu, na yule aliyeomba aombewe alikuwa ameandika neno moja tu kabla ya kumtoa: "Msaliti."

Komeo hakumshukuru. Alimwambia tu, "Kwa mama utakwenda mwenyewe," akaenda zake.

Panzi alikwenda. Mama mkwe alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, bila kumkaribisha ndani, mikono yake ikiwa na unga. Alipomaliza, mama huyo alijipangusa unga kidole kimoja kimoja, hata Panzi akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Simama sawasawa ninapokutazama," alisema. "Nilikukanda."

"Ndiyo, mama."

"Nikamfukuza mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Jumapili utanipeleka uwanjani. Utaketi karibu yangu, nikuone. Sasa nenda, nina mtu wa kumwomba radhi."

Jumapili jukwaa lilikuwa limejaa, na kila mtu alikuwa amekwishamtambua kabla hajapata kiti. "Panzi, goti linaendeleaje?" "Mleteeni machela, upepo huu utamwangusha!" Mke wake aliketi kushoto kwake, mama mkwe kulia, amejifunga mtandio na kushika mkoba wake kama ngao. Nusu ya waliomtukana walikuwa mashabiki wa timu yake mwenyewe, waliouacha mchezo wao uwanja wa pili kusudi waje kumtukana. Panzi alikuwa akihangaika kitini, akiinuka na kuketi, kwa kuwa timu ya Komeo ilikuwa mbele kwa bao moja na redio za jirani zilisema timu yake nayo inaongoza kule. Aliyetangulia kuteleza ndiye angelikosa kombe. Yeye mwenyewe hakujua amwombee nani.

Dakika zikiwa zimeyoyoma, mshambuliaji wa wageni alimpita Komeo ndani ya eneo la hatari, na Komeo, aliyekuwa amechoka, akachelewa nusu hatua. Mtu akaanguka. Filimbi ikalia. Jukwaa zima likasimama likipiga kelele: "Kajiangusha! Panzi mwingine huyo!" Mamia ya nyuso zikamgeukia yeye, zikicheka na kulia kwa pamoja.

Mama mkwe alimshika mkono kwa nguvu.

"Wewe ndiye fundi wa mambo haya. Kaanguka au kaangushwa?"

Panzi alikuwa ameona vizuri. Alimtazama mama huyo, akamtazama mke wake, aliyekuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kaangushwa, mama," alisema. "Komeo kamkanyaga kifundo. Ni penalti ya haki."

Mama mkwe aliuachia mkono. Alivuta pumzi, akawageukia watu wa nyuma waliokuwa wakimtukana mwamuzi, akasema kwa ukali, "Nyamazeni. Kaangushwa. Waacheni wapige."

Wakapiga, ukaingia. Komeo hakumlalamikia mwamuzi wala hakujishika kichwa. Aliingia wavuni, akautoa mpira, akaukumbatia kwapani na kukimbia nao hadi katikati ya uwanja, akiwapungia wenzake kwa mkono uliobaki wafanye haraka, kwa maana muda ulikuwa bado upo.