Barua Iliyokatika Mara Tatu

Je, wewe umewahi kumwona mzee amekaa mbele ya kompyuta, amevua kofia na kuishika mapajani kwa mikono miwili, kama aliye kwenye foleni ya daktari? Mimi nimemwona, na alikuwa mume wangu.

Nilikumbuka hayo juzi. Mjukuu wangu Brenda, anayekaa Moshono, alikuja kunisalimia, akawa anaongea na mwenzake kwa simu ya picha. Picha ikaganda kidogo, kiasi cha mtu kupiga chafya mara mbili, naye akaanza kulalamika kwamba mtandao wa huku kwetu mlimani ni wa kobe. Nilicheka mpaka nikaweka chini kisu cha kumenyea ndizi. Alipouliza ninacheka nini nikamweleza, na sasa naandika kama nilivyomweleza.

Ulikuwa mwaka elfu mbili na moja. Mwanangu Nelson alikuwa Ujerumani mwaka wa tatu, akisomea ufundi wa mashine za hospitali. Barua za posta zilichukua majuma matatu, ndipo mchungaji akatuelekeza kwa Swabaha, dada mmoja aliyekuwa na chumba cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na Soko Kuu. Kompyuta yake ilikuwa moja, ameifunika kwa kitambaa cha kufuma. Laini ya simu nayo ilikuwa moja, wakitumia pamoja na kaka yake Jamaldini, aliyeuza vipuri vya baiskeli chumba cha mbele. Jamaldini akinyanyua simu yake tu, intaneti ya Swabaha imekatika, na inabidi kuanza upya.

Kuanza upya kulikuwa na kelele zake. Kwanza mlio wa simu ya kawaida, halafu namba zinajipiga zenyewe, halafu kama mtu anaburuza bati juu ya kokoto huku mwingine anapuliza filimbi, halafu kimya. Kimya hicho ndicho tulichokuwa tunakiombea, ingawa siku nyingine kilikuwa na maana kwamba imekataa. Kwa kungoja huko nilijifunza kwa Swabaha kukaanga vitumbua visishike kwenye chuma, naye akawajua wanangu wote kwa majina na tabia zao. Nilikuwa nampelekea ndizi mshare, yeye ananifungia kashata kwenye karatasi za fotokopi zilizoharibika. Ule ulikuwa muda mzuri, nasema kweli.

Sasa, siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano. Juma lile Nelson alikuwa ametuandikia kwamba amemaliza masomo, lakini hospitali moja ya huko imempa kazi, anaomba abaki miaka miwili. Swabaha aliichapa barua ile, nami nikampelekea mume wangu Elisaria shambani. Aliisoma amesimama katikati ya mibuni, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Siku tatu akatoka alfajiri kwenda kupalilia, akarudi giza. Ya nne akasema tunashuka mjini wote wawili, na barua atasema yeye.

Nilijua kinachomsumbua. Kaka yake mkubwa alikwenda migodini akiwa kijana, naye alisema miaka miwili. Hakuonekana tena.

Swabaha akampa shikamoo, akampa kiti, akaunganisha. Elisaria akaanza kusema. Alisema juu ya kahawa, akataja mche mmoja mmoja, akasema juu ya kaka yake, juu ya watoto wanaosomeshwa wakasahau mlango wa kwao. Mwisho akasema: asipofika kabla ya mavuno, asijiite tena mtoto wangu. Swabaha akasimamisha vidole, akaniangalia. Mimi nikaangalia sakafu. Namjua Nelson, ni baba yake mtupu. Barua ile ikimfikia hatajibu, na baba yake hataandika nyingine, nami nitabaki katikati yao mpaka nife.

Swabaha akaituma. Kile kipicha cha saa ya mchanga, cha kumwambia mtu angoje, kikasimama kwenye kioo, kikakaa, kikakaa. Tukasikia Jamaldini huko mbele ananyanyua simu. Basi. Barua yote ikapotea, maana siku hizo Swabaha alikuwa bado hajajua kuiandika kwanza pembeni kabla ya kuunganisha.

Elisaria akauliza imekwenda wapi. Swabaha akamwambia haijaenda popote. Mzee akauliza, kama haijaenda, na hapa haipo, iko wapi. Swabaha akaunganisha tena.

Tukiwa tunangoja, Elisaria akaniuliza Nelson aliondoka mwezi gani. Nikamtajia. Nikaongeza kwamba asubuhi ile sanduku alilibeba yeye mwenyewe kichwani mpaka barabarani, hakutaka Nelson aliguse. Katika barua ya pili miche haikuwamo, na yale maneno ya kutojiita mtoto yalikuwa yamepungua makali, ikawa tu kwamba baba atajua la kufanya. Hiyo ilikatika yenyewe, mvua ikipiga bati.

Ya tatu ilikuwa fupi zaidi. Katikati akamwambia Swabaha aulize kama huko anapata mtu wa kumpikia loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando. Kisha akaona haya, akasema afute. Swabaha akafuta taratibu, herufi moja moja, kama anayempa nafasi ya kubadili mawazo. Alipotaka kutuma, Jamaldini akanyanyua tena.

Safari hii akaja mlangoni mwenyewe, mikono ina grisi.

"Shikamoo mzee wangu. Hivi mnaandika barua au katiba?"

Elisaria akaitikia marahaba, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatano. Jamaldini akaeleza kwamba anangoja simu ya mzigo kutoka Moshi. Atatuachia laini dakika tano, zaidi ya hapo hawezi.

Swabaha akaunganisha. Bati likaburuzwa, filimbi ikalia, kikaja kimya, na kilikuwa kizuri. Akamwambia mzee kwamba muda unatosha kwa mistari miwili tu, kwa hiyo asiseme mengine, aseme lile alilolijia.

Hiyo ndiyo barua iliyofika. Nelson alirudi baada ya miaka miwili na miezi minne, na Elisaria alimpokea kwa miguu yake mwenyewe, miaka mingi kabla Mungu hajamwita. Kila siku naishukuru laini ile mbovu, na Jamaldini na baiskeli zake. Lakini dakika ile hatukujua lolote. Elisaria alikuwa anaangalia kile kimstari kinachowakawaka kwenye kioo kikimngoja. Nilitaka kumsemea, nikaubana ulimi wangu kwa meno. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, kama vile Nelson amekaa pale pembeni yake:

"Mwandikie hivi, binti yangu. Nelson, kaa hiyo miaka miwili. Mimi naogopa tu hutarudi. Nataka nikuone."