Mpunga wa Ndoo ya Buluu

Msomi akikosea hukosea kwa ushahidi, na Dorothée, mtaalamu wa kilimo pale Bunia, alikuwa na ushahidi wa miaka mitatu.

Ziwa lilipofurika upande wa Kasenyi lilimeza mashamba ya mpunga. Liliporudi nyuma likaacha udongo mweupe kwa chumvi. Waliokimbia vita walirudi bunduki ziliponyamaza, wakapanda, mpunga ukaungua ncha na kufa. Dorothée akakusanya mbegu aina kumi na tisa, akazimwagilia maji ya chumvi ndani ya mabeseni. Kumi na nane zilikufa. Maabara ya Kisangani ikamweleza kwa nini moja ilisimama: chumvi inapogusa mizizi, jeni fulani za mpunga ule huamka upesi na kuizuia isipande hadi shinani, na ile inayopenya hufungiwa kwenye majani ya zamani ili machipukizi yapone. Mipunga mingine nayo ina jeni hizo hizo, ila huamka mambo yameshaharibika.

Mbegu hiyo ilitoka kwa bibi Anastasie wa Kasenyi, aliyempa Dorothée kibuyu chake cha mwisho wiki mbili kabla ya kuuawa mapigano yalipozuka tena. Kwingine haikuwapo. Dorothée aliizalisha hadi kilo tatu, na kwa kuwa ofisi ilikuwa imeporwa mara mbili, akaificha nyumbani.

Hapo ndipo usomi ulipomponza. Elisabeth, mama mkwe wake, alimwambia aitundike juu ya jiko, kwenye moshi, kama watu wote. Dorothée alicheka. Joto huua kiini, alisema, akaitia kwenye ndoo ya buluu chini ya kitanda cha mwanawe Landry, wala hakumwambia mkwewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Jumamosi moja alirudi kutoka kazini akakuta wanaume watano barazani, wanakula wali. Edouard, mtoto wa marehemu Anastasie, alikuwa amepanda mlima kwa miguu na wenzake kuja kuchukua mbegu. Dorothée alipita mbio hadi uani. Kuku walikuwa wanachakura makapi kando ya kinu.

"Mama, muchele hii imetoka wapi?"

"Mu ndoo yako," alijibu Elisabeth, jasho la kutwanga bado usoni. "Wageni wametoka mbali, nitawapatia bugali tupu? Nimetwanga yote."

"Ile ilikuwa mbegu!"

"Mbegu inakalaka juu ya moto, mama Landry. Ya ndoo ni ya kukula."

Dorothée alikuwa na hasira, lakini hakuona wa kumrushia ila yeye mwenyewe. Akafukuza kuku, akapiga magoti, akapekua makapi akitafuta hata punje moja yenye ganda. Elisabeth alikuwa fundi wa kinu, hakubakisha kitu.

Aliporudi barazani Edouard alimchekea, mdomo umejaa.

"Mama agronome, muchele hii ni tamu! Ni kama ya mama yangu kabisa. Sasa utupatie ile mbegu, siye tuko na haraka, mvua imeshaanza kule."

Dorothée aliutazama mkono wa Edouard ukiipeleka mbegu hiyo kinywani.