Kidole cha Dereva

Miaka kumi na tisa nimeendesha treni ya umeme, hizi ndogo zinazopita katikati ya barabara pamoja na magari na baiskeli. Kazi yetu ina sharti: unachokiangalia ukinyooshee kidole, ukitamke kwa sauti. Taa ya kijani, salama! Mlango, salama! Mbele, salama! Ukishazoea, mkono unajifanyia kazi wenyewe na macho yanakwenda yanakotaka. Siku ile jino lilikuwa linaniuma, na akili yangu yote ilikuwa kwenye jino.

Nikiwa kituo cha Soko la Samaki, Bi Nishioka Fumi, ajuza wa miaka themanini na mmoja, alisimama mbele akitaka kuvuka reli. Nikanyoosha kidole. "Mbele, salama!" Nikaondoa treni. Nilimsikia akigongwa kabla ya kumwona. Siku ya tatu akafariki.

Bosi wangu, Hirose, alirudia picha za kamera mara tatu, akanipiga bega. "Kuwabara, we mtu ni kitabu! Mkono umenyooka, sauti imetoka. Bibi kajiingiza mwenyewe. Funga mdomo tu, haya yamekwisha."

Nikaufunga. Tena nilifurahi, Mungu anisamehe.

Juma lililofuata akaja binti wa marehemu, na boksi la keki za maharage. Nilidhani amekuja kunitukana. Kumbe akainama mbele yetu mpaka nywele zikagusa meza.

"Mtuwie radhi. Mama aliwachelewesha abiria wenu."

"Pole sana, mama, yameshapita," Hirose akadakia.

"Lakini hakuwa mzembe," akasema, bado ameinama. "Aliniambia hospitalini: dereva alininyooshea kidole, nikajua kaniona, ndiyo maana nikavuka."

Nilihisi baridi mpaka kwenye meno. Hirose akanikanyaga mguu chini ya meza. "Uzee huo, mama. Alichanganyikiwa."

Mwanamke akainua uso, akaniangalia mimi. "Ulimwona, bwana dereva?"

Ningesema sikumbuki, kazi yangu ingebaki. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Sikumwona," nikasema. "Nilinyoosha kidole tu. Sikuwa naangalia."

"We Kuwabara!" Hirose akafoka.

Nikainama mpaka paji la uso likagusa meza, nikangoja yule mwanamke aniambie niinuke. Nikamsikia akichukua boksi lake la keki, kisha mlango ukafungwa.