Karatasi Sita Zenye Jibu Moja

Mchungaji alipoikunjua karatasi ya nne na kusoma, "Tuvuke reli," Mzee Rula aliacha kuisikiliza sauti akaanza kuutazama mkono ulioishika, akitafuta hila. Ya tano ikasema, "Walio ng'ambo ya reli." Ya sita vivyo hivyo, kwa maneno mengine. Ya saba ilikuwa yake mwenyewe, nayo ilibeba neno moja tu: "Ghorofa."

Wazee saba wa baraza, Mchungaji akiwa mmoja wao, walikuwa wamekubaliana kwamba usharika usipange utume wa miaka kumi ijayo kwa akili za wanadamu peke yake. Kila mmoja atawakali kwa Mwenyezi Mungu, aombe siku saba, asishauriane na mtu, kisha aandike alichojibiwa. Na kanuni yao ilikuwa ngumu kama jiwe: mpango haupiti mpaka wote saba waseme ndiyo.

"Sita kwa moja," alisema Kinyozi, aliyeketi karibu na dirisha. "Hata kwenye mpira hatufungani hivyo."

"Baraza si mpira," alisema Mchungaji. "Mzee wangu, unasemaje?"

Rula alikuwa mchoraji wa ramani za majengo kwa miaka arubaini. Jina lile la utani lilitokana na rula ya chuma isiyobanduka mfukoni mwake. Jicho la kushoto lilikwisha kuingia ukungu, na la kulia lilikuwa njiani kumfuata nduguye. Kwa miaka miwili alikuwa akiichora ghorofa ya pili ya kanisa, ngazi zake na madirisha yake, akijua fika kuwa hilo ndilo jengo la mwisho ambalo macho yake yangeliona likisimama. Mchungaji alikwisha kusema mara mbili kwamba ghorofa ingeweza kungoja. Basi Rula alijibu kwa adabu, "Nipeni hadi Jumamosi," na moyoni akasema: hawa wamenipanga.

Shaka ni kama mchwa, haibishi hodi. Asubuhi aliziomba zile karatasi "kwa ajili ya kumbukumbu", akazilaza juu ya meza yake ya kuchorea na kuzikagua kwa kioo cha kukuzia. Miandiko sita, kalamu sita. Moja ilikuwa na doa la mafuta ya nywele, na mwenyewe hakuwa na haja ya kutajwa. Hila haikuwamo katika karatasi. Kwa hiyo, alihitimisha, imo vinywani.

Akaenda kunyolewa ndevu alizokuwa amezinyoa jana yake.

"Mchungaji alipita hapa wiki ile ya maombi?"

"Hakupita," alisema Kinyozi. "Na wewe huna ndevu, mzee. Ninyoe nini, ngozi?"

"Nani basi aliyekutia neno la reli?"

"Jumatatu nilikwenda kuzuru mgonjwa. Nikarudi, nikaomba, likanijia. Inua kidevu."

Kutoka hapo alimwendea Mkunga, mwanamke pekee barazani, akamkuta akianika mashuka nyuma ya zahanati.

"Mimi zamu yangu ya kuzuru mgonjwa ilikuwa Alhamisi," alisema Mkunga. "Sote tulikwenda kwa shemeji yako, ndiye aliyekuwa mgonjwa wa wiki. Wewe Jumatano si ilikuwa yako?"

Rula aliangalia mashuka. Jumatano alishinda akirekebisha ngazi kwenye ramani.

Shemeji huyo, mjane wa kaka yake, alikuwa akikaa kwa binti yake ng'ambo ya reli tangu avunjike nyonga. Sasa Rula aliona kila kitu peupe: nabii wao alikuwa kitandani, kajifunika blanketi. Alikwea daraja la waenda kwa miguu kwa ghadhabu, akahesabu bila kutaka vipandio sitini na viwili vya kupanda na sitini na viwili vya kushuka, goti likimlaumu kila hatua.

"Kumbe hujafa, shemeji," alisema yule mama alipomwona mlangoni. "Nilidhani wamenificha msiba."

"Uliwaambia nini wazee?"

"Nani kakuudhi hata salamu imekupotea?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Si hapo, hiyo ni miguu yangu."

Akaketi kwenye kigoda. "Uliwaambia nini?"

"Sikuwaambia neno. Niliwauliza. Kila aliyekuja nilimuuliza: sisi tusioweza kulipanda lile daraja tunahesabiwa wapi? Katika nyumba hizi tano tuko kumi na mmoja."

"Basi wewe ndiye uliyewajibu, si Mungu."

"Mimi niliuliza. Kujibiwa walijibiwa huko makwao, na walijibiwa nini sijui. Nani angeniletea habari, wewe usiyekuja?" Akamkazia macho. "Nawe je? Siku saba hizo ulisikia nini?"

Rula aliinuka kwenye kigoda, akaaga. Bado alimshuku: tangu aolewe, mwanamke huyu hakuwahi kuuliza swali asilojua lielekeako. Lakini njia nzima ya kurudi hakukumbuka kuhesabu vipandio.

Jumamosi alisimama mbele ya baraza.

"Nina shaka nanyi," alisema. "Nilikuwa nayo na bado ninayo. Sauti mliyoisikia, mwenyewe nimemwona. Nyonga mbovu, ulimi mzima." Kinyozi akacheka, kisha akajikohoza. "Lakini karatasi yangu niliiandika siku moja kabla ya wiki kuanza. Ninyi mlikwenda kuuliza. Mimi nilimpelekea Mungu ramani aitie sahihi."

"Kwa hiyo ni ndiyo?" aliuliza Kinyozi.

"Si ndiyo. Nipeni siku zangu saba, niombe."

"Na ukijibiwa ghorofa?" aliuliza Mkunga.

"Tutaanza upya sote," alisema Mchungaji.

Rula aliuchunguza uso wa Mchungaji akiitafuta hila, asiione. Na kutoiona kulimtia wasiwasi zaidi kuliko kama angeiona.

"Ila msinipangie kuzuru mgonjwa," alisema. "Sitaki mtu wa kuniuliza maswali."

Mkunga alikwisha kulifungua daftari la zamu. "Jumatano haina mtu," alisema.

Rula alimtazama Mkunga, akamtazama Mchungaji, akamtazama Kinyozi, ambaye ghafla alikuwa na shughuli kubwa na kifungo cha shati lake. Wamenipanga tena, aliwaza.

"Niandike asubuhi," alisema. "Mchana jua la pale darajani linaniumiza macho."