Vua Gauni Langu

Fundi cherehani alikatwa titi la kushoto mwezi wa tatu kwa sababu ya saratani. Wiki hiyohiyo wifi yake, dada wa mumewe, akaja kumwangalia. Alilia mpaka majirani wakachungulia. Alipomaliza kulia akafungua kabati.

"Haya magauni nikutunzie, wifi. Hapa yataliwa na panya bure."

Akachagua lile la zambarau, ambalo fundi alijishonea mwenyewe na kulidarizi shingoni kwa mkono. Alipofika mlangoni akamnong'oneza kaka yake, kwa sauti ya mtu asiyejua kunong'ona: "Anza kuzoea, kaka. Huyu mwaka haumalizi."

Fundi alisikia kila neno.

Tangu hapo hakugusa cherehani. Dawa zilimpukutisha nywele na kumtia vidonda mdomoni, lakini kilichomnyima raha hasa ni yale maneno. Mshauri wa wagonjwa pale hospitali akamuuliza kama amewahi kufikiria kusamehe.

"Sina nafasi," alijibu. "Tumbo zima limejaa kichefuchefu."

Mshauri alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. "Basi unataka nini?"

"Gauni langu."

Jumamosi akajifunga kilemba, akaenda kwenye kikao cha kikundi cha akina mama ambacho wifi alikuwa mwenyekiti wake. Akamkuta amesimama mbele, kavaa gauni la zambarau, anawaombea wagonjwa.

"Wifi! Umekuja!" Mwenyekiti uso ulikuwa umemshuka.

"Nimefuata gauni. Kwanza waambie wenzako ulichosema mlangoni kwangu."

Wifi akaanza kujiumauma. Fundi akawasimulia mwenyewe, neno kwa neno, bila kupandisha sauti. Kisha akatoa shuka kwenye mkoba.

"Jifunge hili. Vua."

Mama mmoja akaangua kicheko, na wengine wakashindwa kujizuia. Wifi akaenda kuvulia stoo, machozi yakimchuruzika, safari hii ya kweli.

Jioni nyumbani, mume wa fundi aliwaka. "Umemdhalilisha dada yangu mbele za watu! Kesho ukamwombe radhi."

"Siendi. Na wewe siku ile alipokwambia uanze kuzoea, ulimjibu nini?"

Mume akavuta kiti, akakaa. Siku ile hakuwa amejibu kitu, na wote wawili walijua.

Fundi alingoja aibu imjie, haikuja. Badala yake ikaja njaa, ya kwanza baada ya miezi miwili. Akajipakulia, akala taratibu mpaka sufuria ikawa tupu. Mumewe alikuwa amekaa palepale. Hakumkaribisha.